Asiyeujua Moyo Wake Atauelewaje wa Mwenzake?

Wazee husema kwamba moyo wa mwenzio ni msitu wa giza. Methali hiyo twaitumia tunapodanganywa na rafiki, au tunaposhindwa kufahamu kwa nini jirani amenuna. Lakini ni wachache wanaokumbuka kwamba moyo wetu wenyewe nao ni msitu, na kwamba mtu aweza kuishi nao miaka arobaini asijue njia zake. Jambo hilo ndilo tunalotaka kuwaandikia leo, wasomaji wapendwa: jinsi mtu asiyeweza kutaja yaliyomo moyoni mwake anavyopata shida kuyatambua yaliyomo moyoni mwa mwenzake, na jinsi shida hiyo inavyoweza kupunguzwa katika nyumba zetu.

Tuchukue mfano. Baba mmoja, mfanyakazi wa reli hapa Kamina, apata habari kwamba mdogo wake amefariki huko Kabalo. Aenda matangani, atoa mchango wake, arudi kazini. Siku zapita. Chakula hakimpiti, tumbo lamsokota, usiku hapati usingizi. Mara mbili aenda zahanati. Apimwa damu, haonekani na ugonjwa. Jioni moja akuta bukari imepoa, apiga meza kwa ngumi, watoto watawanyika uani. Mkewe amwuliza kwa upole: «Baba watoto, kitu gani kinakusumbua?» Naye ajibu: «Hakuna kitu. Nimechoka, na tumbo linauma.»

Mtu huyo hasemi uongo. Yeye kweli haoni kitu. Huzuni imeingia mwilini mwake kama mgeni aliyeingia nyumbani usiku bila kupiga hodi: nyayo zake zaonekana kila mahali, mwenyewe hajaonwa bado.

Sasa tutazame upande wa pili. Mtoto wake wa kiume, mwenye miaka kumi na miwili, alimpenda sana baba yake mdogo yule aliyefariki. Tangu siku ya habari ile mtoto hukaa nyuma ya jiko peke yake, hasomi, hachezi mpira, akitumwa achelewa. Baba amtazama na kusema: «Mtoto huyu amekuwa mvivu.» Amchapa. Hapo ndipo penye fundisho. Baba hakuitambua huzuni ya mwanawe kwa sababu hakuitambua ile iliyokuwa kifuani mwake mwenyewe. Wote wawili walikuwa na msiba mmoja. Ila hapakuwa na hata mmoja wa kuutaja, na kwa hiyo hawakuweza kufarijiana.

Jambo la kale, jina jipya

Jambo hili ni la kale kama wanadamu, lakini jina lake katika vitabu vya waganga ni jipya. Katika miaka ya 1972 na 1973, Peter Sifneos, mganga wa magonjwa ya akili mjini Boston, Marekani, aliandika habari za wagonjwa ambao maradhi yao ya mwili yalifungamana na mahangaiko ya moyo. Alipowauliza wanaonaje moyoni, wao walimsimulia habari za kazi, za saa, za chakula, za mahali panapouma. Neno la moyo halikupatikana. Yeye mwenyewe alikuwa na asili ya Ugiriki, akaunda neno kwa lugha ya wazee wake: aleksithimia. Sehemu ya kwanza ya neno hilo ni kukosa. «Leksis» ni neno. «Thimos» ni moyo wenye kuona furaha, hofu au hasira. Kwa Kiswahili chetu twaweza kusema: kukosa maneno ya moyo.

Dalili zake kubwa ni tatu. Ya kwanza, mtu ashindwa kujua ni ono gani limempata, na kulitenga na habari za mwili: moyo ukimdunda hajui kama ni hofu, ni hasira, au ni homa. Ya pili, hata akihisi kwamba pana jambo, hana maneno ya kumweleza mwingine. Ya tatu, fikira zake zakaa nje siku zote, katika vitu na matendo, wala hazigeuki kutazama ndani. Mwaka 1994 wataalamu wa Toronto, katika nchi ya Kanada, walitoa kipimo cha sentensi 20 ambazo mtu huzijibu juu ya nafsi yake, nacho chatumika mpaka leo katika nchi nyingi. Katika Ulaya wachunguzi hukadiria kwamba yapata mtu mmoja katika kumi ana shida hii kwa kiasi kikubwa. Waliobaki tunayo kwa kiasi kidogo, leo zaidi, kesho pungufu.

Twaomba msomaji asikosee hapa. Kukosa maneno ya moyo si upungufu wa akili: fundi hodari na mwalimu bora waweza kuwa nayo. Wala si dhambi, kwani hakuna atendaye dhambi kwa kutojua jambo alilokuwa hana njia ya kulijua. Tena si dalili ya moyo mgumu. Wako baba wasioweza kusema hata neno moja la kumfariji mfiwa, lakini ndio wa kwanza kushika jembe kwenda kuchimba kaburi, na wa mwisho kuondoka. Asiye na maneno si asiye na mapendo. Ila mapendo yake yatembea gizani, na mara nyingine yajikwaa juu ya wale anaowapenda.

Kipimo tulichopewa

Kwa nini shida ya mtu na moyo wake mwenyewe igeuke kuwa shida yake na jirani? Wachunguzi wa ubongo wametupa mwanga kidogo.

Mwaka 2004 mjini London, Tania Singer na wenzake waliwaita wanawake 16, kila mmoja pamoja na mwanamume aliyempenda. Mwanamke aliwekwa ndani ya mashine ipigayo picha za ubongo unapofanya kazi. Mara yeye, mara mwenzake, walipigwa mkononi kwa umeme mdogo, wa kuumiza kitambo tu. Alama ilimwonyesha mwanamke ni zamu ya nani. Ilionekana hivi: alipoumizwa yeye, ziliamka sehemu za ubongo zijuazo mahali palipopigwa, na pia sehemu nyingine zionazo uchungu wenyewe. Alipoumizwa mpenzi wake, sehemu zile za kujua mahali zilikaa kimya, lakini sehemu za kuona uchungu ziliamka tena, kana kwamba ni yeye aliyepigwa. Kumbe watu wasemapo «uchungu wako ni wangu», hawatii chumvi. Kwa kuujua uchungu wa mwenzetu twatumia kiungo kilekile tunachotumia kwa kuujua wetu.

Mwaka 2010 Geoffrey Bird, pamoja na Singer na wengine, walitoa habari ya uchunguzi mwingine wa namna hiyo. Safari hii walikuwapo watu wenye usonji, yaani ile hali ambayo mtu huzaliwa nayo na ambayo humfanya asichangamane na wengine kwa njia ya kawaida. Watu wengi walikuwa wakiamini kwamba wenye usonji hawawezi kuona huruma. Uchunguzi haukuonyesha hivyo. Ulionyesha kwamba kadiri mtu alivyokuwa na shida ya kutaja maono ya moyo wake, ndivyo ile sehemu ya ubongo ilivyoitika kidogo alipoumizwa mtu wake wa karibu. Ilikuwa hivyo kwa wenye usonji, ikawa hivyo kwa wasio nao. Wazazi wenye mtoto wa namna hiyo na wayatie maneno haya moyoni: msiseme kwamba mtoto wenu hana huruma kwa sababu tu yu mbali na wengine.

Twaweza kusema kwa mfano wa sokoni. Mama auzaye unga hupima kwa meka. Akiwa nayo, aweza kupima unga wake na unga wa jirani. Akiwa hana, si unga wa jirani tu usiopimika, hata wake haujui kiasi chake. Moyo wetu ndio meka tuliyopewa na Muumba ya kupimia furaha na uchungu wa watu. Bwana wetu alipotufundisha mapendo ya jirani, alitwambia tuyapime kwa namna tunavyojipenda wenyewe, na kwamba tuwatendee watu yale tunayotaka tutendewe. Amri hiyo yadai kwamba tujue tunataka nini. Mtu asiyejua kama anahitaji faraja, atajuaje kwamba mwenzake anaihitaji?

Kanisa lafundisha nini juu ya maono

Wako wakristu wanaofikiri kwamba kuangalia moyo ni kazi ya watu wavivu, au kwamba mkristu mwema hapaswi kuwa na hasira wala hofu wala huzuni. Sivyo Kanisa linavyofundisha. Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992 yaeleza kwamba maono peke yake si mema wala si mabaya. Yawa mema au mabaya kadiri yanavyotawaliwa na akili na nia. Tena haiwezekani kukitawala kitu usichokijua. Hasira iliyotajwa jina yaweza kufungwa lijamu. Hasira isiyojulikana yatembea nyumbani imevaa nguo za haki.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwalimu mkubwa wa karne ya 13, hakuona haya kuyapanga maono ya moyo kama mtu anavyopanga vyombo vyake. Aliyahesabu 11: mapendo na chuki, shauku na karaha, furaha na huzuni, tumaini na kukata tamaa, ujasiri na hofu, na mwishoni hasira iliyo peke yake. Wanafunzi wanaosoma maneno haya wanaweza kuyaandika katika daftari na kujiuliza jioni: je, leo limenipitia lipi?

Mtakatifu huyo huyo aliuliza ni dawa gani zipunguzazo huzuni. Pengine mtu angetazamia aseme sala tu. Yeye ataja furaha yoyote ya halali, machozi, huruma ya marafiki, kuitafakari kweli, na hata usingizi na kuoga! Juu ya machozi aeleza kwamba uchungu uliofungiwa ndani huumiza zaidi, bali ukipata kutoka kwa machozi au kwa maneno hupungua. Wazee wetu wanajua hivyo pia, kwani husema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Lakini mfano upitao yote ni wa Bwana Yesu mwenyewe. Alilia mbele ya kaburi la Lazaro, na watu wakayaona machozi yake. Usiku wa Getsemani aliwaambia wazi rafiki zake watatu kwamba roho yake imejaa huzuni, akawaomba wakeshe pamoja naye. Alilitaja ono lake kwa jina, akataja na haja yake. Kama Mwana wa Mungu hakuona haya kusema «nina huzuni», kwa nini baba wa nyumba aone haya?

Ushuhuda wa pande zetu

Hapa Kamina na katika nchi yote ya Haut-Lomami hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Mwaka 1933 alifika Kongo Padre Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji, aliyezaliwa mwaka 1906. Alifanya kazi kati ya Baluba wa pande hizi. Kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, katika miaka yake ya kwanza alikuwa mkubwa mwenye kuamuru. Alifundisha, watu wakaitikia, lakini mioyo yao haikumfungukia. Ndipo alipogeuza njia, akaanza kuuliza na kusikiliza: ninyi ni watu gani, mnatamani nini?

Mwaka 1945 kilitolewa kwa Kifaransa huko Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, kitabu chake juu ya filosofia ya Wabantu. Wako waliokisifu, wako Waafrika wasomi waliokikosoa vikali, wakisema kwamba aliwatia Wabantu wote katika chungu kimoja na kunena badala yao. Ubishi huo hatuuingii. Sisi twatazama lile lililompata yeye mwenyewe. Alipowasikiliza watu kwa muda mrefu alikuta kwamba shauku zao kubwa ni tatu: uzima, uzazi, na mapendo yaunganishayo watu. Kisha akatambua kwamba shauku hizo tatu ndizo zilizokuwa ndani yake pia. Alipokutana na mioyo ya watu alikutana na moyo wake. Habari ya kukutana huko aliiandika katika kitabu cha mwaka 1962 kiitwacho «Notre rencontre», yaani «Kukutana Kwetu».

Kuanzia mwaka 1953, huko Kolwezi katika mji wa wachimbaji wa shaba, mafundisho yake yalizaa chama cha Jamaa. Mume na mke walifundishwa kufunguliana mawazo yao, na maneno yale matatu, uzima, uzazi na mapendo, yakawa nguzo ya mafundisho. Baadaye baadhi ya watu walipotoka, na maaskofu walilazimika kutoa maonyo makali. Padre Tempels alirudi Ubelgiji mwaka 1962, akafariki huko Hasselt mwaka 1977. Hatuandiki ili kutetea makosa yaliyotokea. Twataka tu kuokota punje iliyo njema: kwamba mume na mke wanaweza kulala chini ya paa moja miaka mingi na kuzaa watoto, bila kukutana bado, na kwamba kukutana kwaanza siku ambapo mmoja athubutu kumwambia mwenzake yaliyomo moyoni.

Tunao ushuhuda mwingine, nao ni wa nyimbo. Baluba wana kasala, utungo mrefu unaotaja majina, ukoo na sifa za mtu, hasa wakati wa kilio. Mwimbaji wa kasala hawaambii wafiwa wanyamaze. Amtaja marehemu jina kwa jina, ataja walichopoteza, na kila mmoja aliyekaa pale asikia uchungu wake ukitamkwa kwa kinywa cha mwingine. Hiyo ilikuwa shule ya maneno ya moyo kabla ya shule zetu kujengwa. Padre Guido Haazen, Mfransisko naye, alipokusanya hapa Kamina kwaya ya wavulana na walimu, ile iliyoitwa «Les Troubadours du Roi Baudouin», ilizaliwa Misa ijulikanayo ulimwenguni kwa jina la Missa Luba. Mwaka 1958 kwaya hiyo iliiimba, na mwaka huohuo ikasafiri Ulaya. Kyrie ya Misa hiyo imetungwa kwa mtindo wa kasala. Fikirini vema jambo hilo: watoto wa Kamina walipomwomba Bwana huruma, walimwomba kwa sauti ya watu wanaojua kulia. Anayeomba huruma sharti kwanza akubali kwamba anaumwa.

Mambo yakaushayo maneno

Kama babu zetu walikuwa na shule hiyo, mbona wengi wetu leo hatuna maneno? Sababu ni nyingi. Tutaje mbili tu.

Ya kwanza ni malezi. Mtoto wa kiume aanguka, agoti lachubuka, aambiwa: «Nyamaza, mwanaume halii.» Aogopa giza, achekwa. Amfia bibi yake, aambiwa asiwasumbue wakubwa. Mtoto ajifunza upesi. Hajifunzi kutoogopa, maana hofu i palepale, ajifunza kutoiangalia. Akiwa mtu mzima hawezi tena kuiona hata akitaka. Tena, kwa kuwa ono moja tu liliruhusiwa kwa wanaume, yaani hasira, huzuni yake, haya yake na hofu yake zote zapita katika mlango huo mmoja. Mke na watoto waona hasira kila siku, wasijue kwamba nyuma yake yuko mtu aliyefiwa, au aliyeogopa kukosa karo ya shule.

Ya pili ni mateso makubwa. Henry Krystal, Myahudi aliyetoka hai katika kambi ya Auschwitz na kisha akawa mganga wa magonjwa ya akili huko Marekani, aliwatibu wengi waliookoka kambi za vita vya 1939 hadi 1945. Aliona kwamba wengi wao walizima maono yao ili wapate kuishi, na hatari ilipokwisha hawakuweza kuyawasha tena. Jambo hilo latuhusu. Katika vita vilivyoanza nchini mwetu mwaka 1998, na hata baada ya mapatano ya amani ya 2002, watu wa Malemba-Nkulu na wa pande nyingine za Katanga waliteswa na vikundi vya Mai-Mai na askari. Vijiji vilichomwa, watu walikimbia. Wengi waliokuwa watoto siku zile ni wazazi leo. Ukimwona mmoja wao hana machozi katika kilio, wala neno la upole kwa mtoto, usimhukumu upesi. Pengine mlango wa moyo wake ulifungwa siku ambayo kuufungua kulikuwa ni kufa. Mtu wa namna hiyo ahitaji subira, ahitaji mtu wa kumsikiliza bila kumharakisha, na mahali palipo na mganga ajuaye mambo hayo, aende kwake bila haya.

Tufanye nini nyumbani

Neno la furaha ni hili, kwamba maneno ya moyo yaweza kufundishwa. Mwaka 1991 Judy Dunn na wenzake walitoa habari ya jamaa walizozitembelea nyumbani mwao. Waliwasikiliza watoto wa miaka mitatu wakizungumza na mama zao na ndugu zao, wakahesabu ni mara ngapi yalitajwa mambo ya moyo: furaha, hasira, woga, huzuni. Watoto hao walipofika miaka sita walipimwa. Wale waliokulia katika mazungumzo ya namna hiyo walitambua vizuri zaidi maono ya watu wengine. Tena haikuwa kwa sababu ya wingi wa maneno yao kwa jumla, bali kwa sababu ya kutajwa mambo ya moyo. Kwa hiyo mama akaaye jikoni akipika sombe, na kumwambia mwanawe: «Umekasirika kwa kuwa dada yako amechukua mpira wako, sivyo?», mama huyo afundisha huruma bila kitabu.

Sisi twatoa mashauri manne.

Kwanza, mtajieni mtoto ono lake kabla ya kulihukumu. Kusema «najua una hasira» si kumruhusu apige wenzake. Hasira ipewe jina. Ngumi ipewe katazo. Walimu nao wafanye hivyo darasani: mwanafunzi aliyekuwa hodari na sasa amelegea, aulizwe kabla ya kuadhibiwa.

Pili, wazazi waseme juu yao wenyewe, kwa kiasi kinachofaa. Baba akisema mezani: «Leo nina huzuni, nimemkumbuka ndugu yangu», hapunguzi heshima yake hata kidogo. Watoto wajifunza kwamba huzuni yaweza kukaa pamoja na nguvu, na yule aliyekaa nyuma ya jiko apata njia ya kurudi kati ya wenzake.

Tatu, jioni mkichunguza dhamiri, msihesabu makosa tu. Mtakatifu Ignasi wa Loyola aliwafundisha wakristu kuangalia pia mienendo ya moyo, faraja na ukiwa, na kuuliza vinatoka wapi na vinaelekea wapi. Asiyepata neno aanzie mwilini: leo kifua kilibana saa ngapi? Palikuwa na nani? Kulitokea nini muda mfupi kabla yake? Mara nyingi ukifuata nyayo za mwili hatua kwa hatua utafika mlangoni pa moyo.

Nne, na shauri hili ni la kuwazuia wenye haraka: kuujua moyo wako si ruhusa ya kuudhania wa mwenzako. Meka ni kipimo, si unga. Wako wanaojua sana maono yao, na kwa sababu hiyo wanamvika kila mtu nguo zao wenyewe. Mke akinyamaza, mume asema: «Amekasirika», kwa kuwa yeye akikasirika hunyamaza, kumbe mke anaogopa. Kwa hiyo uliza. «Mama watoto, nakuona umenyamaza. Ni uchovu, au kuna jambo?» Kisha ungoje jibu, wala usimjibie. Padre Tempels aliwaelewa watu siku alipoacha kusema kwa niaba yao na kuanza kuwauliza.

Wasomaji wapendwa, jamaa nyingi hazivunjwi na chuki. Zavunjwa na mapendo yasiyopata kusemwa, na uchungu uliodhaniwa kuwa ubaya. Mume aliyedhani mkewe amemdharau, kumbe mke alikuwa na hofu. Mzazi aliyedhani mwanawe ni mvivu, kumbe alikuwa mfiwa. Makosa ya namna hiyo hayahitaji fedha wala safari ndefu ili yaponywe. Yahitaji neno moja lisemwe kwa ukweli, na sikio moja la kulipokea.

Basi leo usiku, baada ya sala ya jamaa, kabla ya kuzima taa, kila mmoja nyumbani na aseme neno moja tu: leo moyo wangu ulikuwa na nini? Mdogo aanze, mkubwa amalize. Asiyepata neno na akubaliwe anyamaze, ajaribu tena kesho. Na Bwana, ambaye alikuwa na moyo wa kibinadamu, akaona nao furaha na hofu na huzuni kama sisi, atufumbue macho tuione mioyo yetu, ili tupate kuwafariji ndugu zetu.